Mume dawa mkononi, mke "nunua nje": kisa cha nyumba moja uwanda wa Kano

Mume na mke ambao habari zao nazileta hapa wanaishi kwenye uwanda wa Kano, Kaunti ya Kisumu, upande wa mashamba ya mpunga. Mume ana miaka 56, mke 52. Mume anaishi na virusi vya Ukimwi na amekuwa akimeza dawa tangu 2009. Mke hana virusi. Kila alipopimwa majibu yalikuwa yale yale. Ugonjwa wake yeye ni presha. Mwanzoni mwa 2025 alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea, na hadi leo mkono ule hauwezi kuinua sufuria. Mume analima, anaendesha baiskeli hadi sokoni, na kipimo chake cha karibuni kilionyesha kwamba virusi havionekani kwenye damu.

Wenyewe wamekubali nisimulie. Umri na mambo mengine madogo nimeyageuza wasitambulike, na kituo chao cha afya sitakitaja.

Nimechoka kusikia mjadala wa bajeti ya afya ukiishia kwenye jumla: kaunti imetenga kiasi gani, serikali kuu imefika wapi kwenye ile asilimia 15 ya bajeti ambayo nchi za Afrika ziliahidi Abuja mwaka 2001. Jumla ina maana yake. Lakini katika nyumba hii jumla ni moja, kaunti ni moja, kituo ni kimoja, na bado watu wazima wawili wanaokula chungu kimoja wana afya mbili zilizo mbalimbali kabisa. Kilichowatenganisha ni njia ambayo pesa za umma, ziwe zetu au za walipa kodi wa Marekani, zilipitia kabla ya kuwafikia.

Kituo chenyewe ni cha ngazi ya 3, juu ya zahanati na chini ya hospitali. Ukiingia getini, kulia kuna chumba ambacho kwa miaka mingi kilikuwa cha CCC, kliniki ya wanaoishi na virusi. Mume ana faili humo, na taarifa zake ziko kwenye kompyuta. Tarehe ya kurudi huandikwa kwenye kadi. Akikosa kuja, simu ilikuwa ikipigwa. Simu isipopokelewa, mtu alikuwa akitumwa nyumbani. Dawa anapewa za miezi mitatu kwa pamoja, wakati mwingine sita, na hajawahi kuzilipia. Damu yake huchukuliwa ikapimwe wingi wa virusi, na majibu yanarudi.

Kushoto ni foleni ya kawaida. Mke hana faili huko. Ana daftari, lile la shule la kurasa 32, alilonunua kwenye kibanda nje ya geti kwa sababu bila daftari daktari hana pa kuandika. Nililisoma ukurasa kwa ukurasa. 168 kwa 102. 174 kwa 100. Miezi minne bila kitu. 182 kwa 108. Chini ya kila kipimo kuna majina ya dawa mbili, amlodipini na hidroklorothiazidi, na mara nyingi kando yake kuna herufi mbili zilizoandikwa kwa haraka: O/S. Maana yake dawa imekwisha. Muuguzi aliyempokea siku moja, dada kutoka Vihiga, alimwambia kwa upole, "Mama, hizi hatuna. Nunua nje."

Nje ni kwa kemisti, barabarani. Amlodipini shilingi 10 kidonge, ile nyingine 5. Kwa siku ni 15, kwa mwezi 450. Kupalilia mpunga wa mtu humletea shilingi 300 siku kazi inapokuwepo, na kuna miezi haipo. Kwa hiyo alinunua vidonge kumi kumi. Vikikaribia kuisha alimeza siku moja akaruka moja. Baadaye akawa anameza kichwa kinapouma tu. Presha haisubiri kichwa kiume.

Hapo ndipo wengi hufunga mjadala: hakumeza dawa ipasavyo, basi kosa ni lake. Niliisikia kauli hiyo hata kwa jamaa zake. Ila mume naye aliwahi kuruka dawa. Mwaka 2012 alikwenda kufanya kazi ya uvuvi upande wa Migori, akaziacha dawa zake nyumbani kwa aibu ya kuonekana nazo. Kliniki iliona tarehe yake imepita. Ikapiga simu, ikamtafuta, ikampangia achukulie dawa kituo cha karibu na ufuo alikokuwa. Udhaifu wa binadamu ni ule ule kwa wote wawili. Wa mume ulikuta kliniki iliyoajiri mtu wa kumfuata, na wa mke haukugunduliwa na yeyote, maana daftari linalokaa kabatini kwa mgonjwa halimwambii muuguzi kwamba mgonjwa hajarudi.

Mlango wa kulia una historia yake, na haikuwa bahati. Nyanza ilizika watu wengi mno. Mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, ulianza 2003, Mfuko wa Dunia nao ukaleta fedha, na mwaka 2006 Kenya ikafuta malipo ya ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi, katika vituo vya serikali. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulipata kiwango cha maambukizi ya watu wazima nchini kuwa asilimia 4.9, Kisumu kilikuwa 17.5, Siaya 15.3 na Homa Bay 19.6. Pesa zilikwenda palipokuwa na vifo, na vifo vikapungua. Mzee huyu yuko hai kwa sababu hiyo. Kijijini wapo wanaonung'unika kwamba wenye virusi wanapendelewa. Nakataa kabisa. Kilicho kulia ndicho kipimo cha huduma ambayo mtu mzima maskini anastahili, na kosa liko kwenye kuacha kipimo hicho kiishie kwenye ugonjwa mmoja.

Sasa tazama maisha ya mke na jinsi sera zilivyompitia. Ada za hospitali za serikali zilianza kutozwa mwaka 1989, akiwa msichana wa miaka 16. Watoto wake wote alijifungua enzi za kuchangia gharama, wawili kati yao kwa mkunga wa kijijini kwa sababu ya pesa. Mwaka 2004 serikali ilishusha ada: shilingi 10 kwa zahanati, 20 kwa kituo cha afya. Mwaka 2013 ada hizo zikafutwa, na kujifungua katika hospitali za serikali kukawa bure. Alikuwa na miaka 40, uzazi umeshapita. Malipo ya uzeeni ya Inua Jamii, yale ya shilingi 2,000 kwa mwezi, huanza ukifika 70. Yeye atafika 70 mwaka 2043.

Kati ya uzazi na uzee kuna miaka zaidi ya ishirini ambapo mwanamke maskini wa kijijini, akiwa hana virusi wala kifua kikuu, hana mlango ulioandikwa jina lake. Hayo ndiyo maeneo ambayo pesa za umma zilipita juu kwa juu. Mama mjamzito ana mpango, mtoto wa chini ya miaka mitano ana mpango, mwenye virusi ana mpango. Na miaka hiyo ya katikati ndiyo presha na sukari huanza kazi yao, wakati huo huo mtu anapolea watoto, anauguza wazee na kubeba shamba.

Mara moja tu mlango ulifunguka. Tarehe 13 Desemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alizindua hapa Kisumu majaribio ya afya kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Kila kaunti ilichaguliwa kwa mzigo wake. Kisumu kwa magonjwa ya kuambukiza, Nyeri kwa yasiyoambukiza kama sukari. Ada ziliondolewa hadi hospitali kubwa za kaunti. Mama huyu alisajiliwa na mhudumu wa afya wa kujitolea aliyepita nyumba kwa nyumba, akaenda hospitali ya kaunti ndogo kwa maumivu ya mgongo, wakampima, presha ikapatikana. Ukurasa wa kwanza wa daftari ni wa mwaka 2019, na kurasa za mwaka huo ndizo ambazo O/S ni chache. Zipo, lakini chache.

Wanaoyakumbuka majaribio yale watakumbuka pia foleni. Watu waliruka zahanati wakakimbilia hospitali kubwa, kwani huko nako kulikuwa bure na ndiko daktari aliko. Sehemu kubwa ya fedha za mpango ilikwenda kwenye dawa na vifaa kupitia KEMSA, shirika la serikali la kununua na kusambaza dawa, wakati hospitali zimeshapoteza mapato ya ada zilizokuwa zikilipa mambo madogo ya kila siku. Mpango ulipofikia mwisho, ada zikarudi. Mtu aliyegunduliwa presha mwaka 2019 alibaki na jina la ugonjwa na hana dawa. Kwa maoni yangu hilo ni funzo kubwa kuliko foleni zote: ugonjwa wa kudumu hauwezi kutibiwa kwa mpango wa muda.

Baada ya hapo ilibaki NHIF, bima ya afya ya taifa, shilingi 500 kwa mwezi kwa asiye na mshahara. Walilipa miezi michache wakaacha. Hawakuwa peke yao. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kwamba ni takriban mtu mmoja kati ya wanne nchini aliyekuwa na bima ya afya ya aina yoyote, na wenye nacho ndio waliokuwa mbele.

Halafu ikaja Septemba 2023. Serikali ilituma vijijini wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wenye mikoba iliyo na mashine ya presha na ya sukari, posho yao ya shilingi 5,000 ikigawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali kuu na kaunti. Mpango mzuri, na ninausifu kwa dhati. Mhudumu wa kijiji hiki ni jirani, anamwita mama huyu "mathe" kama wanavyomwita vijana wote wa hapo. Alimpima akiwa ameketi chini ya mwembe: 190 kwa 110. Akaandika barua ya rufaa siku hiyo hiyo. Mama akaenda kituoni na barua. Daftari linasema: rufaa imepokewa, presha 188 kwa 110, amlodipini, O/S.

Ukurasa huo nimeutafakari sana. Pesa za umma zilinunua mashine, zikamlipa mhudumu, zikamlipa muuguzi aliyepokea barua. Mnyororo wote ulifanya kazi hadi kiungo cha mwisho, kile cha bei nafuu kuliko vyote. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya Wakenya wenye umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Miongoni mwa walioambiwa kuwa nayo, takriban mmoja kati ya watano ndiye aliyekuwa akimeza dawa. Tumeanza kuziba pengo la kupima. Pengo la kumeza tumeliacha kwa kemisti.

Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilichukua nafasi ya NHIF. Kwa sheria mpya za 2023, matibabu ya kutolazwa katika ngazi ya 2 na 3, yaani zahanati na vituo vya afya, yanagharamiwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa kila aliyesajiliwa, bila mchango. Mama alisajiliwa. Kwa maandishi, basi, vidonge vyake ni bure. Ila hazina humlipa mtoa huduma, haipeleki dawa kabatini. Dawa zinategemea kaunti kuagiza na kulipa, na madeni ya kaunti kwa KEMSA ni jambo linalojulikana nchi nzima. Mwenye pesa hahisi tofauti. Hununua nje na kuendelea na safari zake. Ukosefu wa dawa ni ada inayotozwa maskini peke yake.

Kiharusi kilikuja alfajiri. Alishuka kitandani mguu ukakataa. Boda haikuweza kumbeba akiwa vile, wakatafuta gari la jirani, hospitali ya kaunti ndogo ikamtuma mjini, na mjini ikahitajika picha ya CT ya kichwa. Huko juu, kuanzia ngazi ya 4, bima hufanya kazi kwa aliyelipa mchango: asilimia 2.75 ya mshahara kwa mwenye mshahara, na kwa asiye na mshahara kiasi kinachopimwa kwa maswali ya hali ya kaya, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, kikilipwa kwa mwaka mzima. Familia ikatakiwa kutoa mchango wa mwaka kwa mkupuo, na maswali yalikuwa yamewapandisha juu ya kiwango cha chini kwa sababu nyumba yao ina bati na wana ng'ombe. Ng'ombe mmoja akauzwa. Chama cha kina mama kikachanga. Binti wa pili akaacha kazi Nakuru arudi kumuuguza, na mshahara wa binti huyo haumo kwenye hesabu ya bajeti yoyote ya afya.

Hesabu nyingine inafaa ifanywe wazi. Viwango vya SHA vilivyotangazwa vinalipa hospitali ya ngazi ya 4 shilingi 3,360 kwa siku kwa mgonjwa aliyelazwa, ngazi ya 5 shilingi 3,920, ngazi ya 6 shilingi 4,480. Kidonge cha amlodipini kwa bei ya rejareja, shilingi 10 kila siku, ni 3,650 kwa mwaka. Siku moja ya kitanda mjini ni zaidi ya mwaka mzima wa kidonge hicho. Huyu mama hakulala siku moja.

Kwa hiyo tukiandika kwamba matumizi ya umma kwa afya yameongezeka, yeye yumo kwenye ongezeko hilo. Amehesabiwa. Pesa nyingi zilitumika kwake baada ya mkono kupooza kuliko miaka yote alipokuwa na mkono. Ndiyo maana naogopa tarakimu ya jumla ikisimama peke yake: inaweza kupanda kwa sababu tunawahi watu mapema, na inaweza kupanda kwa sababu tunachelewa.

Na si kwamba njia nyingine haijulikani. Huku huku magharibi mwa Kenya na nchini Uganda, utafiti wa SEARCH uliofanyika katika jamii 32 ulipima virusi, presha na sukari kwa pamoja na kuwatibu watu kwa mtindo wa kliniki ya virusi. Baada ya miaka mitatu, asilimia 47 ya watu wazima wenye presha walikuwa wameidhibiti, dhidi ya 37 katika jamii za kulinganishia. Upande wa Eldoret, mpango wa afya wa AMPATH walianza na virusi mwaka 2001 wakapanua hadi magonjwa ya kudumu. Walipoona kabati za serikali ni tupu walianzisha maduka ya dawa yanayojizungusha ndani ya vituo, ambapo pesa ya dawa iliyouzwa kwa bei ndogo hununua nyingine, na upatikanaji wa dawa ukapanda hadi zaidi ya asilimia 90. Mgonjwa bado analipa kidogo, na hilo linanipa shaka kwa mtu kama mama huyu, lakini kabati halikai tupu.

Wakati haya yakijulikana, mlango wa kulia nao ukatikiswa. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na wafanyakazi wengi waliolipwa kwa fedha hizo wakaambiwa wakae nyumbani. Katika kituo hiki washauri na mtu wa kufuatilia wagonjwa waliondoka, na wagonjwa wa CCC wakaunganishwa na foleni ya kawaida. Mume akawa anachukua dawa zake kwenye dirisha lile lile la kushoto. Kuunganisha huduma ni jambo nililolitamani kwa miaka. Mtu mmoja, faili moja, siku moja, awe na virusi, presha au vyote viwili, na wanaoishi na virusi sasa wanazeeka na presha inawafikia pia. Ila kuna kuunganisha kwa kumpandisha mke kwenye huduma ya mume, na kuna kuunganisha kwa kumshusha mume kwenye huduma ya mke. Bila pesa mpya itakuwa ya pili. Hofu yangu ni kwamba mume atapewa daftari kabla mke hajapewa faili.

Pesa zenyewe zinahesabika. Chukua kituo chenye wagonjwa 200 wa presha na uwape dawa zote mbili kwa bei ya kemisti, shilingi 15 kwa siku kila mmoja. Ni shilingi 3,000 kwa siku, chini ya malipo ya kitanda kimoja cha ngazi ya 4. Kwa mwaka ni 1,095,000, na kaunti inayonunua kwa jumla itatumia kiasi pungufu ya hapo. Sheria ya 2023 ya kuboresha vituo inaviruhusu vibaki na pesa vinazokusanya badala ya kuzipeleka kwenye mfuko wa kaunti, kwa hiyo kisingizio kwamba kituo hakina mamlaka ya kununua kimepungua nguvu.

Kila mwaka kaunti hupeleka karatasi ya mkakati wa fedha kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na kabla yake kuna vikao vya wananchi katika wadi. Katika vikao hivyo tumezoea kuomba zahanati mpya, uzio, gari la wagonjwa. Vitu vinavyoonekana, ambavyo mwakilishi wa wadi anaweza kukata utepe mbele yake. Ninachoomba wenzangu wa Nyando, Nyakach, Seme na Muhoroni waingie nacho safari hii ni mstari mmoja wa bajeti: dawa za presha na sukari kwa kila kituo cha ngazi ya 2 na 3, kiasi kitajwe kwa jina la kituo, kisihamishwe kwenda kwingine katikati ya mwaka, na idadi ya siku ambazo dawa hizo zilikosekana ibandikwe ukutani kila robo mwaka, kando ya dirisha la dawa, mahali ambapo mgonjwa anaweza kuisoma.